Jirani na Ruhusa ya Ujenzi: Maswali na Majibu

Katika miji ya Kenya, iwe ya pwani au ya bara, ni jambo la kawaida mtu kurejea kwake jioni akaona kiwanja cha jirani kimezungushiwa mabati, mchanga umemwagwa njiani, na mafundi wanapima msingi wa jengo la ghorofa ambalo hakuna mtaani aliyepata kulisikia. Naye akiuliza huambiwa kwamba ramani zimekwisha pita kaunti. Aghalabu ni kweli kwamba zimepita, na ni kweli vile vile kwamba kabla ya kupita palikuwa na muhula ambao sheria ilimpa jirani huyo aseme neno lake, nao ukenda zake bila ya yeye kuujua. Kwa kuwa maswali tunayoulizwa sisi tulioishi na kazi ya mipango ya miji hufanana sana, nimeona ni aula niyakusanye yale yanayorudi mara kwa mara na kuyajibu kwa maandishi, nikiishika sheria ya Kenya, ambayo ndiyo niijuayo.

Mimi ni mpangaji tu, sina hati ya kiwanja hata kimoja. Nina haki gani ya kuingilia mali ya mtu?

Mwenye mali ana haki ya kuistawisha mali yake, lakini haki hiyo haikuachwa peke yake. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1996, humlazimu kila atakaye kujenga, au kubadili matumizi ya ardhi yake, apate kwanza idhini ya serikali ya kaunti. Na anayeanza kazi bila ya idhini hiyo hukabiliwa na faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au yote mawili pamoja. Sheria hiyo hiyo humwamuru mwombaji autangazie umma ujenzi anaoukusudia, na tangazo lake liwaalike watu wapeleke pingamizi zao kwa waziri wa kaunti anayehusika. Watu, imesema; haikusema wenye hati. Mpangaji, mwenye duka la kukodi, mzee wa msikiti wa mtaa na mwalimu wa skuli iliyo ng'ambo ya njia, wote wamo. Nimepata kuwasikia makarani wakimuuliza mlalamikaji hati yake ya kiwanja kabla ya kumpokelea barua, na desturi hiyo haina mashiko. Ajibiwe karani kwa upole kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, imeuhesabu ushirikishwaji wa wananchi kuwa miongoni mwa tunu za taifa, bila ya kuwabagua wananchi kwa mali zao.

Tangazo lenyewe huonekana wapi? Hatujapata kuliona hata moja.

Matangazo yapo, ila hayakuwekwa kwa ajili ya mtu mwenye haraka. Mtu akitaka kubadili matumizi ya kiwanja, tuseme kutoka makao ya familia moja kuwa majengo ya kupangisha au ya biashara, desturi ni kutangaza gazetini na kusimamisha bango kwenye kiwanja chenyewe, likieleza namba ya kiwanja, matumizi ya sasa, matumizi yanayotakiwa, na ofisi ya kupelekewa maoni. Na muhula unaotajwa katika matangazo hayo kwa kawaida ni siku 14. Bango likikutwa limeegemezwa nyuma ya mti au limeelekezwa ndani ya ua, jirani mwangalifu hulipiga picha palepale lilipo, yenye kuonyesha tarehe, kwani picha hiyo huenda ikamfaa baadaye kuliko maneno mengi.

Hapa pana mtego ambao napenda msomaji autambue mapema. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 humpa raia haki ya kuomba nyaraka zilizomo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi hutakiwa imjibu katika siku 21. Jirani anayejiambia kwamba ataomba ramani kwanza, azisome kwa utulivu, kisha ndipo aandike pingamizi, hujikuta amepata jibu baada ya mlango wa maoni kufungwa, maana siku 14 hazingoji siku 21. Basi aziandike barua zote mbili siku moja: ya kwanza ikitoa pingamizi kwa kadiri anavyojua, na kutaja wazi kwamba ataiongeza atakapoonyeshwa ramani, ya pili ikiomba ramani hizo.

Bwana, tulipeleka barua yenye sahihi za mtaa mzima, na jengo likapita. Kwani maoni yetu yanahesabiwa vipi?

Hayahesabiwi, yanapimwa, na katika tofauti hiyo ndipo mitaa mingi inaposhindwa. Afisa anayelitazama ombi amefungwa na mipango ya ardhi iliyokwisha idhinishwa. Ametakiwa aangalie pia manufaa ya jamii kwa jumla. Na ikiwa ardhi ni ya kukodishwa na serikali, ayaangalie pia masharti maalumu yaliyomo katika ukodishaji huo. Barua inayosema kwamba wakazi wote wamekasirika haimpi hata moja katika hayo, hata ikiwa na sahihi mia mbili. Lakini ikiwa jirani mmoja ameandika kwamba njia ya kuingilia ina upana wa futi 12 tu kati ya kuta mbili, nayo ndiyo njia ya pekee ya gari la zimamoto; kwamba bomba la maji taka la mtaa huo hufurika kila masika, na hizi hapa picha zake; kwamba ombi linataka nyumba 40 na ramani imeonyesha mahali pa magari sita; na kwamba mpango wa eneo hilo umelitaja kuwa la makao ya watu wachache, basi amempa afisa mambo ambayo hawezi kuyapita bila ya kuyajibu, na ambayo mwenye kusikiliza rufaa atayatafuta kwenye jalada.

Kuna hoja ambazo ni heri zisiandikwe kabisa. Kwamba mwenye kujenga ni mgeni, au ni wa kabila fulani, au mali yake imetoka pasipojulikana. Kwamba duka lake litaliua duka langu. Kwamba aliwahi kunitukana. Haya, hata yakiwa ya kweli, si mambo ya mipango ya ardhi, na ubaya wake ni kwamba humpa afisa sababu ya kuihesabu barua yote kuwa ni fitina. Ugomvi wa mpaka nao una mahali pake, kwa mpima ardhi na mahakamani. Nami huwashauri watu, badala ya kunakili barua moja na kuitia sahihi wote, wagawane kazi: mwenye kuishi karibu na mfereji aandike juu ya mfereji, mwenye watoto skulini aandike juu ya njia, na mwenye kujua kusoma ramani aandike juu ya vipimo.

Upo pia upande ambao wengi huusahau, nao ni kuomba masharti. Ruhusa yaweza kutolewa kwa masharti, na jirani anayesema "likijengwa, basi lipunguzwe ghorofa mbili na mlango wa magari uelekezwe barabara kubwa" mara nyingi hupata zaidi kuliko anayesema "lisijengwe".

Jengo la jirani litatazama ndani ya ua wangu, na sisi ni watu wa sitara. Je, hilo ni jambo la kuandikia kaunti?

Ni jambo, na katika miji ya pwani, ambako nyumba zilijengwa kwa karne nyingi zikielekea ndani, ua ukiwa ndiyo roho ya nyumba na wanawake wakifanya kazi zao humo bila ya kutazamwa na mpita njia, ningeshangaa kama lisingekuwa jambo. Taabu ni kwamba fomu za kaunti hazina kisanduku cha sitara. Mwenye kulalamika hana budi kulitia lalamiko lake katika vipimo: ukuta wa jengo jipya utakuwa umbali gani kutoka mpakani, madirisha ya ghorofa ya pili yataelekea wapi, roshani itatokeza upande gani, na kivuli cha jengo kitauziba ua mwanga na hewa kwa saa ngapi. Kisha aombe masharti yanayotekelezeka, kama vile madirisha ya upande huo kuinuliwa juu ya kimo cha mtu, au kutiwa kioo kisichopenyeza macho, au roshani kuhamishiwa mbele. Haya ni mambo ya hisani kati ya majirani kabla hayajawa ya sheria, na mwenye kujenga aliyekwisha fuatwa kwa salamu njema huyakubali mara nyingine kabla hata barua haijafika ofisini.

Anayeishi katika Mji wa Kale wa Mombasa ana mlango mwingine zaidi, kwani hapo Makavazi ya Taifa yana ofisi yake ya uhifadhi. Na kwa Lamu, ambayo mji wake wa kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, jambo ni hilo hilo. Nakala ya pingamizi ipelekwe huko pia.

Walikuja vijana na karatasi za maswali, wakasema ni za mazingira, tukatia sahihi. Je, tulikuwa tunakubali ujenzi?

Hamkukusudia kukubali, lakini karatasi hizo, ambazo hukusanywa na mtaalamu aliyeajiriwa na mwenye kujenga, huambatishwa kwenye ripoti ya athari za mazingira inayopelekwa NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, zikiwa ni ithibati kwamba majirani waliulizwa. Jirani asitie sahihi palipo patupu. Aandike kwa mkono wake anachokiogopa, apige mstari mahali pasipojazwa, na abaki na picha ya karatasi. Fauka ya hayo, ajue kwamba mlango wa mazingira ni mbali na mlango wa kaunti, na kuingia kwa mmoja hakuhesabiwi kuingia kwa mwingine. Kwa miradi mikubwa NEMA hutangaza gazetini kwamba ripoti iko tayari kusomwa, na huwapa watu siku 30 za kupeleka maoni.

Kisa cha kufaa zaidi katika mlango huu ni cha Lamu. Kampuni ya Amu Power ilikusudia kujenga huko Kwasasi mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, na NEMA ikautolea leseni mnamo Septemba 2016. Wenyeji, chini ya jumuiya ya Save Lamu, walikata rufaa kwenye mahakama ya kitaifa ya mazingira, ambayo tarehe 26 Juni 2019 iliifuta leseni hiyo. Hapakuwa na ubishi kwamba mikutano ilifanywa. Watu waliitwa, wakakaa, wakaelezwa. Lakini mikutano hiyo ilifanywa mwanzoni, kabla ya uchunguzi wenyewe kukamilika, ilhali kanuni za athari za mazingira za mwaka 2003 zilitaka ripoti ikiisha ndipo watu waonyeshwe yaliyomo ndani yake na wapewe nafasi ya kuyajibu. Mtu hawezi kutoa maoni juu ya waraka ambao haujaandikwa. Basi kila anayealikwa kwenye baraza la namna hii na aulize swali moja kabla ya mengine, na ahakikishe limeandikwa katika kumbukumbu za mkutano: ripoti iko wapi, na sisi tutaisoma lini?

Kaunti imenyamaza kimya. Tungoje?

Msingoje hata kidogo. Sheria ya mwaka 2019 imesema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi katika siku 60 huhesabiwa amekwisha pewa ruhusa. Nia ilikuwa kumwokoa mwombaji na makarani wanaolalia majalada, na nia hiyo siikatai. Lakini matokeo yake ni kwamba kimya cha jirani kwa siku 14 humfaa mwenye kujenga, na kimya cha ofisi kwa siku 60 humfaa yeye yule. Kwa maoni yangu ni kasoro, na bunge lingefaa kuitazama upya walau pale palipopokelewa pingamizi. Hadi hapo, jirani hana budi kuzihesabu siku yeye mwenyewe na kufuatilia jalada.

Uamuzi ukitoka naye hakuridhika, ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango ya ardhi, na baada ya hapo ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wapo wanaoiruka kamati na kukimbilia mahakamani moja kwa moja, na mara nyingi mahakama huwarudisha, siku zikiwa zimekwisha. Kwa leseni ya NEMA rufaa ni kwa mahakama ya kitaifa ya mazingira, katika siku 60. Na katika hali zote, kifungu cha 47 cha Katiba humpa aliyedhuriwa na uamuzi haki ya kudai sababu zake kwa maandishi. Azidai mara moja.

Barua iandikwe kwa lugha gani?

Kwa Kiswahili, ikiwa ndicho anachokimudu mwandishi. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na ofisi ya umma haina ruhusa ya kuikataa barua kwa sababu hiyo. Itaje namba ya kiwanja kama ilivyo kwenye bango, tarehe ya tangazo, jina na anwani ya mwandishi, hoja moja moja kwa namba, na jambo linaloombwa. Zichapishwe nakala mbili, zote zipelekwe kwa mkono hata kama maombi siku hizi hupitia mtandaoni, na nakala ya mwandishi igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kabla hajaondoka dirishani.