UKOKO MWEUPE WA MABOMBA NA HUKUMU YA SIKI



Wapenzi wanafunzi, katika mlango wa tohara mmesoma aina za maji. Leo tusogee hadi kwenye bomba la kutawadhia. Tazameni mdomo wake: pana ukoko mweupe, mgumu, unaokwaruza kidole. Wengi huuita chumvi. Lakini chumvi ingeyeyuka, na ukoko huu maji yanaupitia kila siku nao upo tu. Hiyo ni chokaa. Ardhi ya pwani yetu, kama Unguja na Mombasa, sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe. Maji ya mvua yakipenya chini hubeba hewa ya ukaa, yakapata ukali kidogo na kuyeyusha mawe hayo. Maji ya kisima yakikaukia juu ya bomba, ile chokaa hubaki na kuganda.

Je, maji hayo yanafaa kwa udhu? Yanafaa. Maji yakibadilika kwa vitu vya mahali yanapokaa au yanapopita, hubaki kuwa maji mutlaki.

Kuuondoa ukoko si kazi ya nguvu. Waya wa kusugulia masufuria huchubua bomba likapoteza mng'aro. Chukua siki nyeupe, au maji ya ndimu, uloweshe kitambaa na kukizungusha kwenye bomba kwa nusu saa. Utaona vipovu: ukali wa siki unaivunja chokaa na hewa ya ukaa inatoka. Kisha sugua kwa mswaki mkuukuu na usuuze vizuri. Kichwa cha bomba la mvua kifungue, ukiloweke ndani ya bakuli la siki mpaka vitundu vizibuke. Hata ganda la ndimu iliyokwisha kamuliwa lisitupwe, linasugulia.

Siki isimwagwe juu ya marumaru wala kwenye birika la zamani la msikiti lililopigwa lipu ya chokaa, kwani italila kama inavyoula ukoko. Na tahadhari kubwa: msichanganye siki au ndimu na dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Hutoka hewa ya sumu inayounguza kifua, na vyoo vyetu vingi ni vidogo, dirisha lenyewe kiganja. Maji ya betri nayo yaacheni kwa mafundi.

Sasa tuje kwenye hukumu, maana hapa ndipo watu wengi huchanganya. Choo kimepigwa siki, kinang'aa, kinanukia ndimu. Je, kimetoharika? Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i, la. Siki yenyewe ni tohara, na Mtume (S.A.W.) aliisifu kuwa kitoweo kizuri, lakini haiondoi najisi. Najisi huondolewa kwa maji mutlaki. Imamu Abu Hanifa ameruhusu kuondoa najisi kwa siki na mfano wake. Ama kutawadha kwa siki haisihi kwa madhehebu yote mawili.

Ukoko wa ndani ya choo si sawa na wa bomba, kwani umenyweshwa mkojo. Siki ikiugusa hunajisika papo hapo, japo iwe nyingi, na matone yake yakikurukia nguoni ni najisi. Kwa hiyo anza kwa kumwaga maji chooni, halafu tia siki, sugua, na mwisho mimina maji safi mpaka rangi na harufu ya najisi viondoke. Alama iliyoshindikana baada ya juhudi husamehewa.

Kazi hii ifanyike kwa nguo za kazi, si kwa kanzu au buibui uliyokwisha vaa kwa ajili ya swala. Miswaki iwe miwili, wa choo utiwe alama, kwa mfano kufungwa uzi mwekundu, usije ukapelekwa kwenye bomba la udhu.