Kuhamisha Tovuti Bila Kupoteza Wageni wa Google

Mwaka jana klabu yetu ilihamisha tovuti. Ya zamani ilikuwa imechoka, kwenye simu haisomeki, na jina lake refu hakuna aliyelikumbuka. Tukanunua jina jipya linaloishia na .or.tz, tukapanga kurasa upya, Ijumaa usiku tukazima ya zamani, tukapongezana. Dirisha la rufaa za mikopo lilipofunguliwa ndipo tukajua tulichofanya. Makala yetu ya hatua za kukata rufaa, ambayo wadogo zetu wa mwaka wa kwanza walizoea kuikuta juu kabisa wakitafuta Google, ikawa inawapeleka kwenye ukurasa wa 404. Makala ipo, tena tumeiboresha, ila ipo kwenye anwani ambayo Google haiijui. Mtu anahangaikia bumu, wewe unamwambia "haipatikani".

Tuelewane kwanza kinachopotea. Google huweka kumbukumbu ya anwani moja moja, na kila anwani ina historia yake: imeonekana tangu lini, tovuti gani nyingine zimeweka kiungo cha kuja kwake. Ukibadilisha /rufaa.html iwe /makala/rufaa, hata kama hukugusa herufi ndani yake, kwa Google huo ni ukurasa mchanga usio na ndugu. Ni sawa na kuhama geto bila kumwachia mwenye nyumba namba yako.

Dawa yake ni 301. Hii ni namba ambayo seva humjibu anayebisha hodi kwenye anwani ya zamani: tumehamia kule, kwa kudumu. Ipo pia 302, yaani tumehama kwa muda. Msomaji haoni tofauti, zote zinamfikisha, lakini kwa Google 301 ni ishara nzito kwamba anwani mpya ndiyo ya kuonyeshwa kwenye matokeo. Kwenye seva ya Apache unaandika mstari mmoja tu ndani ya faili la .htaccess:

Redirect 301 /rufaa.html https://example.org/makala/rufaa

Kazi yenyewe ni orodha. Kabla hujazima chochote, fungua Excel: kushoto anwani zote za zamani, kulia kila moja inakoenda. Utazipata kwenye ramani ya tovuti, kwenye kumbukumbu za seva, na kwenye Google Search Console, ambayo inakuonyesha kurasa zinazobofywa zaidi. Usisahau madesa ya PDF. Sisi tuliyasahau, na ndiyo yaliyokuwa yanatafutwa kuliko hata hotuba za mwenyekiti (asikasirike).

Wavivu huelekeza kila kitu kwenye ukurasa wa mwanzo. Usifanye hivyo. Aliyetafuta rufaa akaletewa picha za viongozi ataondoka, na Google yenyewe huhesabu kwamba ukurasa ule haupo. Usiokuwa na mbadala, uache ufe na 404 yake. Na usipitishe mtu vituo vitatu. Ya kwanza iende moja kwa moja kwenye ya mwisho.

Siku ya kuhama, hakikisha ile alama ya noindex mliyoweka wakati wa majaribio imeondolewa. Jina likibadilika, toa taarifa kupitia kifaa cha kubadili anwani ndani ya Search Console, kisha peleka ramani mpya ya tovuti.

Halafu kuna suala la hela. Google inashauri 301 zibaki angalau mwaka mmoja, maana yake jina la zamani lazima liendelee kulipiwa. Hapo ndipo klabu za chuo huanguka: uongozi unabadilika, mweka hazina mpya anaona malipo ya tovuti "isiyotumika", anayafuta. Jina likishaachwa, yeyote anaweza kulichukua, hata watu wa kubeti, na viungo vyote vya zamani vikawa vyao. Andikeni malipo hayo kwenye ripoti ya makabidhiano, pamoja na sababu yake.

Sisi tulirudisha jina la zamani, tukakesha siku mbili na ile orodha. Makala ikarudi juu taratibu. Dirisha la rufaa lilikuwa limeshafungwa.