Unene wa vijana wetu: Tusitazame sahani tu, tutazame na usingizi



Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, mnene kuliko wenzake wote. Kila kipindi cha asubuhi alikuwa akisinzia. Siku moja nilimsimamisha nikamwambia apunguze kula, kwani shibe ndiyo inayomlaza. Darasa zima likaangua kicheko. Mama yake alipokuja shuleni ndipo nikajua ukweli. Kijana alikuwa akilala saa sita usiku na kuamka saa kumi alfajiri ili awahi daladala. Na hata katika saa hizo nne, alikuwa akikoroma na kukatikakatika pumzi.

Nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile. Lakini kosa langu ni kosa la wengi wetu. Tukimuona kijana mnene, hukumu yetu ni moja tu: mlafi na mvivu.

Je, usingizi una uhusiano gani na unene?

Allah (s.w.) ameijaalia miili yetu kuwa na homoni, yaani vichocheo vinavyopeleka taarifa kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Leptini hutoka katika mafuta ya mwili na kuuambia ubongo kuwa akiba ipo, inatosha. Grelini hutoka zaidi tumboni nayo huleta njaa. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti juu ya vijana 12 wa kiume wenye afya. Walipopewa saa nne tu za kulala kwa siku mbili mfululizo, leptini ilishuka kwa asilimia 18 na grelini ikapanda kwa asilimia 28, ikilinganishwa na walipopewa saa kumi. Njaa ikaongezeka, na hamu kubwa ikawa ya vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Kwa lugha yetu: soda, chipsi na maandazi.

Kwa kijana ambaye tayari ni mnene hali ni nzito zaidi. Yeye leptini anayo nyingi, kwa kuwa mafuta ni mengi, ila ubongo wake umekuwa mzito kuisikia. Akikosa usingizi, njaa inamjia juu ya njaa.

Pili, kuna insulini, inayotoka kwenye kongosho na kuiingiza sukari ya damu ndani ya seli. Usingizi ukipungua, mwili hauitikii insulini ipasavyo, na kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi. Unene nao hufanya hivyo hivyo. Mambo mawili haya yakikutana kwa miaka, njia ya kisukari imefunguliwa.

Tatu, unene wenyewe huharibu usingizi. Mafuta yakijaa shingoni hubana njia ya hewa, mtu akakoroma na pumzi kukatika. Hivyo usingizi mbaya huleta unene, na unene huleta usingizi mbaya. Kijana wa namna hiyo apelekwe hospitali, asichekwe.

Simaanishi kuwa chakula na mazoezi havina maana. La hasha! Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2022, juu ya watu wazima 80 wenye uzito uliozidi, ulionesha kuwa waliosaidiwa kuongeza usingizi kwa zaidi ya saa moja walipunguza kula kwa takriban kalori 270 kwa siku, ukilinganisha na wenzao. Hakuna aliyewaamrisha wapunguze chakula.

Wataalamu wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Sasa wazazi tujiulize: simu iko wapi saa tano usiku? Televisheni inazimwa saa ngapi? Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) hakupenda maongezi baada ya sala ya Isha. Familia inayoifuata sunna hii itawahi kulala, na Alfajiri wataamka bila kuvutana. Wasio na budi kuamka mapema kwa ajili ya usafiri, basi nao walale mapema.

Mwili wa kijana ni amana. Kabla ya kumnyang'anya sahani, tumuulize kwanza: jana ulilala saa ngapi?

Wabillahi tawfiq.