Gawio: Nani Hulipwa Kwanza?

Anayenunua hisa hana budi kujua aina yake kabla ya kutoa fedha. Mwenye hisa za upendeleo limbikizi hulipwa gawio la kiwango maalumu kabla ya mwenye hisa za kawaida. Na gawio la mwaka usiolipwa halipotei, bali hulimbikizwa.

Tuchukulie kampuni ya kukoboa mpunga wilayani Kyela yenye hisa 1,000 za upendeleo limbikizi, za shilingi 10,000 kila moja kwa gawio la asilimia 8 kwa mwaka, na hisa za kawaida 4,000. Mafuriko yameikosesha faida kwa miaka miwili. Mwaka wa tatu inatangaza gawio la shilingi 3,000,000.

Kwanza hulipwa malimbikizo, shilingi 1,600,000. Pili, gawio la upendeleo la mwaka huu, shilingi 800,000. Zinabaki shilingi 600,000, yaani shilingi 150 kwa kila hisa ya kawaida kabla ya kodi. Wala si 600, kama atakavyodhani aliyegawanya fedha zote kwa hisa 5,000.

Tunashauri: kabla ya kununua hisa za kawaida, soma katiba ya kampuni na uulize malimbikizo ni kiasi gani. Faida isipopatikana, hata mwenye upendeleo husubiri.