SOMO LETU: GARI LA MTUMBA LA MAGURUDUMU MANNE NA PESA ZA KIKUNDI



Somo la mara hii ni moja ambalo sisi wenyewe tulilipia karo, tena karo ya juu. Tunaliandika ili ninyi msilipe.

Kikundi chetu kiko Kinangop na tuko watu 24. Tunauza maziwa, viazi na kabeji. Mvua ikianza, barabara yetu inakuwa matope matupu, pikipiki zinaanguka, na pikapu ya kukodi haionekani mpaka jua litoke. Maziwa yanachachia nyumbani. Kwa hiyo tulichanga kwa miaka mitatu, tukanunua Subaru Legacy ya mtumba, ile ndefu ya stesheni wagoni, ambayo injini yake inasukuma magurudumu yote manne. Kulichagua gari tulichagua vizuri. Kulitunza ndiko tulikoshindwa.

Mwaka wa pili tairi moja ya mbele ilipasuka. Mweka hazina, akitaka kutuokolea pesa, alinunua tairi moja mpya akaiweka pamoja na tatu zilizokwisha kuchakaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyepinga. Baada ya miezi michache gari likawa linagoma kwenye kona, kama mbuzi anayevutwa kwa kamba. Tukasema, "Bado linatembea, twende tu." Mwisho likawekwa juu ya mawe.

Usiku mmoja wa mvua, mama mmoja wa kikundi alishikwa na uchungu wa kuzaa. Tulimpeleka kwa mkokoteni wa punda hadi kwenye lami, na hapo tukapata gari la msamaria. Mama na mtoto wako salama. Lakini mama huyo alikuwa amemaliza kulipa hisa zake za gari, na siku aliyolihitaji halikuwa na faida kwake. Jambo hilo ndilo lililotufanya tukae chini tujifunze.

1. GARI HILI LINAFANYAJE KAZI?

Magari mengi madogo yanasukumwa na magurudumu mawili tu. Yakiteleza hayo mawili, gari linakwama. Gari la magurudumu manne linagawa nguvu mbele na nyuma, kwa hiyo mawili yakikosa kushika, mengine yanalivuta. Kampuni ya Subaru ilianza kuuza gari la stesheni wagoni la namna hii huko Japani mwaka 1972, aina ya Leone. Hapa kwetu wazee wanamkumbuka Patrick Njiru akipita na Subaru katika Safari Rally. Lakini tukumbuke, gari la mashindano linafuatwa na mafundi njia nzima. La kwetu linafuatwa na vumbi tu.

Sasa shikeni jambo hili moja. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Ndiyo sababu katikati, ndani ya giaboksi, kuna kifaa kinachoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti kidogo. Kimewekwa kifanye kazi hiyo kwa muda mfupi, kwenye kona au mahali pa utelezi. Mkiweka tairi moja kubwa kuliko nyingine, hata kwa unene wa mpira tu, kifaa hicho kinafikiri gari linakata kona mchana kutwa. Kinapata moto na kuharibika. Hivyo ndivyo tulivyoharibu letu.

Jambo la pili: magurudumu manne yanasaidia kupanda, hayasaidii kusimama. Kila gari lina breki kwenye magurudumu yote. Mkipanda mlima wa matope kwa urahisi, msidhani mtashuka kwa urahisi ule ule.

2. KABLA YA KUNUNUA

Ulizeni kwanza kama mnalihitaji. Gari la namna hii linakunywa petroli zaidi na lina vyuma vingi vya kutunzwa. Kama barabara yenu inapitika mwaka mzima, gari la kawaida litawatosha. Angalieni pia urefu wa tumbo la gari kutoka chini. Legacy ya kawaida iko chini. Outback na Forester zimeinuliwa, kama sentimita 20 hivi, na hazigongi mawe haraka.

Karatasi. Herufi za namba za gari zinaonyesha wakati liliposajiliwa Kenya, si wakati lilipotengenezwa. Magari yaliyotumika nje hayaruhusiwi kuingizwa nchini yakiwa yamepita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Maana yake, gari lenye namba za juzi linaweza kuwa na miaka mingi kuliko mnavyofikiri. Tafuteni rekodi zake NTSA kupitia eCitizen, mjue mwenyewe ni nani na kama lina deni la benki. Namba ya chasi iliyo kwenye bati lazima ilingane na ile ya kwenye rekodi. Kama hailingani, rudini nyumbani na pesa zenu.

Mita ya kilomita. Mita inaweza kurudishwa nyuma, lakini pedali haziwezi kudanganya. Mita ikisema kilomita 60,000 na mpira wa pedali ya breki umelika, usukani unang'aa na kiti kimebonyea, basi mmeambiwa uongo. Angalieni pia ndani ya boneti. Magari mengi kutoka Japani yana karatasi iliyobandikwa inayoonyesha kilomita za siku mkanda wa taimingi ulipobadilishwa.

Injini. Njooni asubuhi, injini ikiwa baridi. Mkikuta muuzaji ameshaipasha moto, ulizeni kwa nini. Fungueni kifuniko cha rejeta ikiwa baridi tu, kwa maana ikiwa moto maji yanaruka na kuunguza uso. Maji yawe masafi, bila mafuta juu. Kisha washeni mpaka injini ipate moto, na muangalie kichupa cha akiba cha maji. Mapovu yanayotoka mfululizo ni dalili ya gasketi ya silinda hedi iliyokufa. Injini ya Subaru imelala, silinda ziko kushoto na kulia, kwa hiyo oili au maji yanayovuja kwenye gasketi yanaonekana chini pembeni. Injini za zamani za lita 2.5 zinajulikana kwa tatizo hili. Ingieni chini na tochi, msione haya kuchafua nguo.

Kuendesha. Tafuteni kiwanja cha lami au saruji. Zungusheni usukani mpaka mwisho, mwende polepole kwa duara, kushoto halafu kulia. Gari likishikashika na kurukaruka, kifaa cha katikati kina ugonjwa. Mkisikia "ka-ka-ka" kutoka magurudumu ya mbele, chunguzeni vifuko vya mpira vya ekseli. Kifuko kikipasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia, na chuma kinakufa.

Mpelekeni fundi wenu, si fundi wa muuzaji. Malipo ya fundi wa siku moja ni madogo sana ukilinganisha na injini nzima. Rahisi huvunja upishi.

3. KULITUNZA

Tairi. Zote nne ziwe saizi moja, aina moja, na zimelika sawa. Nunueni nne kwa pamoja. Kila kilomita 10,000 mzibadilishane mbele na nyuma ili zilike sawa, na mpime upepo kila wiki. Tairi ya akiba nayo iwe saizi hiyo hiyo. Kama ni ndogo, ni ya kuwafikisha gereji tu, polepole. Magari mengi ya zamani ya Subaru yenye gia za otomatiki yana nafasi ya fyuzi iliyoandikwa FWD ndani ya boneti. Mkitia fyuzi hapo, magurudumu ya nyuma hayasukumwi, na kifaa cha katikati kinapumzika mpaka mpate tairi ya kufaa.

Oili. Ya injini tunabadilisha kila kilomita 5,000, kwa sababu ya vumbi na milima yetu. Kuna na oili zinazosahauliwa: ya giaboksi, ya difu ya mbele na ya difu ya nyuma. Kwenye Subaru nyingi za otomatiki za zamani, difu ya mbele ina kijiti chake cha kupimia, mbali na kile cha giaboksi. Fundi asiyelijua gari hili anaweza kufungua nati isiyo yake, akamwaga oili ya difu na kuongeza ya giaboksi juu ya iliyomo. Difu inabaki kavu. Simameni karibu, muone inayotoka na inayoingia.

Maji ya rejeta. Tumieni kulanti, si maji ya mtaro. Mshale wa moto ukipanda, simameni hapo hapo na mzime injini. Kusukuma "mpaka pale dukani tu" kumeua injini nyingi.

Mkanda wa taimingi. Injini nyingi za zamani za Subaru zina mkanda, za karibuni zina mnyororo. Yenye mkanda ibadilishwe kila kilomita 100,000, na kama hamjui ulibadilishwa lini, badilisheni mara mkinunua. Ukikatika safarini, vali zinaweza kugongana na pistoni, na mkajikuta mnanunua injini.

Likiharibika njiani, msikubali liinuliwe mbele tu huku magurudumu ya nyuma yakiburutwa. Libebwe lote juu ya lori.

4. PESA NA DAFTARI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi sasa tuna daftari linalokaa ndani ya gari: tarehe, kilomita, petroli, mzigo, na jina la dereva. Kila kilomita ina pesa yake ya akiba. Tuseme tairi nne ni shilingi 40,000 na zinakwenda kilomita 40,000. Basi kila kilomita gari linakula shilingi moja ya tairi, hata kama hamjaitoa mfukoni. Fanyeni hesabu hiyo hiyo kwa oili, breki na mkanda. Anayekodi gari, hata awe mwenyekiti, alipe.

Bima nayo ilingane na kazi. Mkibeba watu au mizigo kwa malipo huku bima ni ya matumizi ya binafsi, siku ya ajali kampuni inaweza kukataa kulipa. Na gari lisiandikwe kwa jina la mtu mmoja bila mkataba wa maandishi uliowekwa sahihi na kikundi kizima. Mtu akifariki, watoto wake hawajui hisa zenu.

Gari letu lilitengenezwa baada ya miezi mitano, na leo linabeba maziwa kila asubuhi. Mweka hazina wetu hatukumfukuza. Kosa lilikuwa letu sote, maana sote tuliiona ile tairi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, barabara yetu inahitaji kweli gari la magurudumu manne, au tunataka tu lionekane?
2. Siku tutakapolinunua, tutakuwa na akiba ya tairi nne na mkanda wa taimingi?
3. Nani atashika daftari, na nani atamkagua?
4. Mgonjwa akipatikana usiku, ufunguo uko kwa nani?