Kabla ya Kununua Fleti: Kagua Ukuta wa Nje

Wanunuzi wengi wa fleti hukagua vyumba, maji na lifti. Wachache huinua macho kutazama ukuta wa nje. Ilhali kwa mujibu wa Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008, mwenye fleti humiliki pia fungu lake katika mali ya pamoja, naye huchangia gharama za kuitunza.

Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Tanga, upepo wa bahari huleta chumvi. Chumvi ikipenya zege na kufikia nondo, nondo hushika kutu. Kutu huvimba, zege hupasuka, na vipande huweza kuwaangukia wapita njia. Uharibifu huo hurekebishwa kwa urahisi zaidi ukiwahiwa, mradi fundi aweze kuufikia. Kwa hiyo tunamshauri mnunuzi achunguze mambo manne.

Kwanza, njia ya kufikia ukuta. Omba kupanda paani uone kama vipo vyuma imara vya kufungia kamba au jukwaa la kuning'inia. Mapambo yaliyochomoza na kuta zilizoinamia ndani huzuia jukwaa hilo. Pasipofikika kutoka juu huenda pakahitaji kiunzi kutoka chini, na kila ghorofa huongeza gharama.

Pili, vifaa vilivyotumika. Rangi huhitaji kupakwa upya mara kwa mara. Kigae kinachotoa sauti ya uwazi kikigongwa huenda kimeanza kubanduka. Silikoni inayozuia maji kandokando ya vioo huchakaa na hulazimika kubadilishwa.

Tatu, maji ya mvua. Michirizi myeusi chini ya madirisha ni dalili kwamba maji hutiririka ukutani badala ya kudondokea mbali nao.

Nne, fedha na kumbukumbu. Uliza ukuta ulikaguliwa lini, na kama wamiliki wana mfuko wa akiba wa matengenezo makubwa. Ada ndogo ya mwezi isiyo na akiba ni deni lililoahirishwa.

Majibu yasiporidhisha, mtafute mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi alikague jengo kabla hujatia saini. Kasoro iliyogunduliwa mapema hukupa nguvu ya kujadili bei. Ikigunduliwa baada ya mauzo, huenda ukalazimika kuilipia pamoja na majirani zako.