Maswali na Majibu: Kilimo cha Nafaka Bila Kutifua Udongo

1. Nini maana ya kilimo bila kutifua?
Ni kupanda mbegu kwenye shamba ambalo halikupitishwa plau, haro wala jembe, huku mabaki ya mazao ya msimu uliopita yakiachwa juu ya ardhi. Panapofunguliwa ni mfereji mwembamba au kitundu cha mbegu na mbolea tu. Watahiniwa wengi husahau mabaki, na alama huwapotea hapo.

2. Kwa nini wakulima wa Paraná, Brazil, waliacha plau?
Mvua kubwa zilikuwa zikisomba udongo uliolimwa. Herbert Bartz wa Rolândia alikwenda Marekani kuonana na Harry Young, mkulima wa Kentucky aliyeanza njia hii mwaka 1962. Bartz alipanda soya bila kulima mwaka 1972. Tusifiche: njia hii ilienea kwa msaada wa dawa za kuua magugu, kazi iliyokuwa ya plau.

3. Muundo wa udongo hubadilikaje?
Chukua bonge kavu kutoka shamba linalolimwa kila mwaka na lingine kutoka shamba lisilotifuliwa kwa miaka kadhaa, uyatumbukize kwenye glasi mbili za maji. La kwanza kwa kawaida humeguka likawa tope. La pili hushikamana. Chembe zake zimeshikwa na nyuzi za kuvu, vinyweleo vya mizizi na utelezi unaotolewa na bakteria, vitu ambavyo plau huvivuruga kila msimu. Nyungunyungu nao huacha vishimo, mizizi iliyooza huacha vijia, na maji ya mvua huzama badala ya kutiririka. Juu, tone la mvua hutua kwenye mabua, hivyo uso wa udongo haufanyi gamba. Ila tabaka gumu lililoachwa na plau chini lisisubiriwe lijiondokee; livunjwe kwanza kwa ripa, chombo cha kupasua udongo.

4. "Njia hii huongeza kaboni ardhini." Jadili.
Usijibu "ndiyo" ukaishia hapo. Mboji, ambayo ndiyo hubeba kaboni hiyo, huongezeka hasa katika sentimita chache za juu, kwa kuwa mabaki hayafukiwi. Ukipima kina zaidi, mara nyingi tofauti na shamba lililolimwa hupungua au hutoweka.

5. Mahindi yamegeuka manjano msimu wa kwanza. Kwa nini?
Mabua ya mahindi yana kaboni takribani mara 60 ya naitrojeni. Vijidudu vinavyoyaozesha huhitaji uwiano wa karibu 25 kwa 1, basi huchota naitrojeni ya udongo na kuinyima mimea. Mkulima aweke mbolea ya naitrojeni karibu na mbegu, au abadilishane mahindi na jamii ya kunde.

6. Mkulima ameacha kulima, lakini ng'ombe wamekula mabua yote. Udongo utakuwaje?
Utadhoofika. Udongo usiotifuliwa na usiofunikwa hugandamana, na mvua huteleza juu yake. Uchambuzi wa tafiti 610 uliochapishwa na jarida la *Nature* mwaka 2015 ulionyesha kwamba kuacha kutifua peke yake hushusha mavuno. Mabaki na mzunguko wa mazao vikiwepo, pengo hupungua, na kwenye maeneo makavu yanayotegemea mvua mavuno huweza hata kupanda. Kwa wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania mabua ni malisho, kwa hiyo jibu lenye alama zote ni hili: mkulima apate kwanza zao la kufunika udongo, kama ngwara, ndipo aache plau.